Kesi Yako Dhidi ya Mkopeshaji Imetupwa? Hesabu Siku Kabla ya Kukata Tamaa

Tuseme wewe ni mwendeshaji bodaboda wa Gongoni. Ulichukua pikipiki kwa mkopo, ukawa unalipa shilingi 400 kila siku kwa simu, mvua au jua. Siku nyingi ulituma kwa namba ya malipo ya kampuni. Siku zingine ajenti alikuambia, "Mtandao wetu umelala, nitumie mimi nitakuwekea," ukatuma kwa laini yake binafsi. Mwaka wa pili unakaribia kwisha, unapigiwa simu unaambiwa una deni la miezi mitatu. Wiki hiyo hiyo pikipiki inachukuliwa ukiwa stejini, abiria wanaangalia.

Ukaenda kortini Malindi. Ukalipa ada, ukapoteza siku za kazi, ukasimama mbele ya hakimu ukaeleza. Mwishowe uamuzi ukasomwa: kesi imetupiliwa mbali, na gharama za upande wa pili ni juu yako. Nje ya korti kila mtu ana ushauri. "Wachana nao bwana, kampuni haishindwi."

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini tukiuliza wateja wetu wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, wengi watasema wanamjua mtu wa namna hiyo. Makala haya ni ya huyo mtu aliyesimama nje ya korti na karatasi mkononi. Jambo moja tunataka alishike: kesi kutupwa si lazima iwe mwisho. Ila kila sababu ya kutupwa ina mlango wake, na kila mlango una siku zake. Ukibisha mlango usio wako, siku zinakwisha ukingali nje.

Swali la kwanza: imetupwa kwa nini?

Usiondoke kortini na neno "imetupwa" peke yake. Ingia kwa karani wa registri, uliza kesi imetupwa kwa sababu gani, kisha uombe nakala ya uamuzi. Sababu kubwa huwa ni nne.

Ya kwanza ni kutofika. Kesi iliitwa, wakili wa mkopeshaji alikuwepo, wewe hukuwepo. Pengine ulikwama njiani. Pengine ilikuwa ya kusikizwa mtandaoni na bando likaisha ukiwa unasubiri kuitwa. Hapa mlango wa kwanza si rufaa. Agizo la 12 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai linakuruhusu kurudi kwa korti ile ile na ombi la kuirudisha kesi, ukiambatanisha kiapo kinachoeleza kilichokuzuia. Usidhani unaweza tu kufungua kesi mpya: kama mshtakiwa alifika na wewe hukufika, kanuni zinakataza kesi mpya kuhusu jambo lile lile. Tangu kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya mwaka 1967, korti zetu husema uwezo huu upo kumsaidia aliyekwama kwa ajali au kosa la kusameheka. Haupo kwa ajili ya anayekwepa korti kwa makusudi. Kwa hivyo leta ushahidi wa kilichokuzuia: karatasi ya hospitali, meseji, chochote kile. Ukikataliwa hapo, uamuzi huo wa kukukataa nao unaweza kukatiwa rufaa.

Ya pili ni kulaza kesi. Ulifungua kesi, ukatulia. Chini ya Agizo la 17, mwaka mzima ukipita bila hatua yoyote, korti inaweza kukuita ueleze kwa nini isiifute. Hapo hakimu huuliza maswali yaliyozoeleka tangu kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu ya mwaka 1984: je, kuchelewa ni kwa muda mrefu na hakuna udhuru? Na je, haki bado inaweza kutendeka licha ya kuchelewa?

Ya tatu ni kasoro ya kisheria. Korti inasema haina mamlaka, au mkataba ulitaka mwende kwa msuluhishi kwanza, au madai yamepitwa na wakati. Kwa kawaida madai ya mkataba yana miaka 6. Mara nyingine dawa ni kurekebisha kasoro na kufungua upya panapofaa, mradi muda haujaisha. Mara nyingine hakimu amekosea, na dawa ni rufaa. Katika kesi ya D.T. Dobie dhidi ya Muchina ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufaa ilionya kwamba kesi isifutwe mapema bila kusikizwa ila pale ambapo ni wazi kabisa haina uhai, na kwamba kama kuirekebisha kunaweza kuipa uhai, basi iachwe iendelee.

Ya nne ni ile ya kusikizwa hadi mwisho. Ulitoa ushahidi, wao wakatoa wao, hakimu akaona hukuthibitisha madai yako. Hapa ndipo penye rufaa yenyewe, na hapa ndipo mtu wetu wa Gongoni yupo.

Siku 30, si mwezi wa kufikiria

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinasema rufaa kutoka korti ya hakimu kwenda Mahakama Kuu iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu tarehe ya dikrii au amri unayoipinga. Siku yenyewe ya uamuzi haihesabiwi. Ukisomewa uamuzi tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4 Machi na ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Jumamosi na Jumapili zilizo katikati zinahesabiwa.

Kuna ahueni moja. Muda ambao korti ya chini imethibitisha kwa maandishi kwamba ilihitaji kutayarisha na kukupa nakala ya dikrii au amri hautahesabiwa. Lakini ahueni hiyo inamfaa aliyeomba nakala. Siku ile ile ya uamuzi, au kesho yake, andika barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi, uamuzi na dikrii. Barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.

Ukichelewa, sheria inaruhusu kuomba muda zaidi, lakini uwe na sababu nzuri na ya kutosha. Jaji ataangalia umechelewa siku ngapi, kwa nini, kama rufaa yenyewe ina mashiko, na kama upande wa pili utaumia. "Nilikuwa natafuta pesa" peke yake ni sababu dhaifu.

Tena kuna mtego. Watu wengi baada ya kushindwa huandika malalamiko kwa mkopeshaji, au kwa Benki Kuu ya Kenya, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kama jamaa zao walipigiwa simu za kuaibishwa. Malalamiko hayo ni haki yako na yana faida yake. Lakini hayasimamishi saa ya rufaa. Unaweza kukaa unangoja jibu la barua pepe huku siku ya 30 inapita. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Fanya yote mawili kwa pamoja.

Kwa walio Kilifi kaunti, Mahakama Kuu iko Malindi. Uliza registri ya korti uliyoshindwa kama rufaa yako inaenda huko au kituo kingine. Tangu 2024 hati za kesi zinawasilishwa kwa mtandao katika korti za nchi nzima, kwa hivyo hata aliye Marafa au Ganze anaweza kuwasilisha bila kupiga safari kila mara.

Rufaa si kesi mpya

Hati ya rufaa si mahali pa kulia upya. Ni orodha fupi ya makosa ya hakimu, kila kosa na namba yake. "Hakimu alikosea kutozingatia taarifa ya malipo iliyo ukurasa wa 14." "Hakimu alikosea kusema mkataba haukuwa na sharti la ilani, hali sharti hilo liko." Ukiandika "sikutendewa haki" ukaishia hapo, umempa jaji kazi ya kukisia. Sheria inamruhusu kuitupa mapema rufaa isiyo na sababu ya kutosha.

Baadaye utatayarisha rekodi ya rufaa: hati za madai, mwenendo wa kesi uliochapishwa, vielelezo, uamuzi na dikrii. Rekodi isipokamilika, rufaa hukwama. Na ukikaa kimya, rufaa nayo inaweza kufutwa kwa kulazwa, kama kesi.

Katika rufaa ya kwanza kutoka kwa hakimu, jaji ana wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake, akikumbuka tu kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakizungumza. Hilo limeshikwa tangu kesi ya Selle dhidi ya Associated Motor Boat ya mwaka 1968. Kwa hivyo unaweza kusema hakimu aliusoma vibaya ushahidi.

Lakini kama kesi yako ilisikizwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mambo ni tofauti. Kifungu cha 38 cha sheria yake kinaruhusu rufaa kwa Mahakama Kuu kuhusu hoja za kisheria pekee, na kinasema uamuzi wa huko ndio wa mwisho. Huwezi kwenda kubishana tu kama ulilipa siku 20 au 40. Lazima uonyeshe kosa la sheria, kwa mfano kwamba hukupewa nafasi ya kusikizwa, au kwamba uamuzi haukuwa na ushahidi wowote wa kuusimamisha. Kwa siku, hesabu 30 zile zile ili uwe salama.

Simu yako ni shahidi, lakini lazima aitwe mapema

Hapa ndipo sisi tunaingia. Pwani tunasema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lako siku hizi ni simu. Lakini wateja wengi huenda kortini na simu mkononi wakamwonyesha hakimu meseji. Meseji zingine zimefutika, zingine ziko kwenye laini ya zamani. Mkopeshaji analeta jedwali lake safi lililochapishwa. Nani ataaminika?

Na ubaya ni huu: kwenye rufaa huwezi kuleta ushahidi mpya hivi hivi. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuupokea, lakini kwa nadra, na itauliza kwa nini hukuutoa mwanzoni ilhali ulikuwa nao. Taarifa ya malipo uliyoweza kuiomba wakati wowote si rahisi kuitwa ushahidi ambao haungepatikana. Kwa hivyo rufaa nyingi hushindwa au kushindika siku ile kesi ya kwanza inafunguliwa.

Basi, kama una mkopo wowote leo, hata usio na ugomvi, fanya haya.

Lipa kwa namba rasmi ya malipo ya mkopeshaji, ukijaza namba ya akaunti ya mkopo wako. Ukituma kwa laini binafsi ya ajenti, rekodi itaonyesha fulani alipokea pesa. Haitaonyesha kwamba mkopo wako ulilipwa. Mkopeshaji atasema, "Huyo mlikuwa na biashara zenu." Kama umeshatuma hivyo, mwandikie ajenti meseji leo umtaje kiasi, tarehe na mkopo, na uweke jibu lake.

Omba taarifa kamili ya miamala kutoka kwa kampuni yako ya malipo kwa kipindi chote cha mkopo. Picha ya skrini haitoshi. Piga mstari chini ya kila malipo ya mkopo, ujumlishe, ulinganishe na jedwali la mkopeshaji tarehe kwa tarehe. Tofauti utakayoipata ndiyo kesi yako.

Ambatanisha cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi iliyotolewa kwa kompyuta iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kutambulisha kifaa kilichoitoa. Wakili wa upande wa pili akiona hakuna cheti, hapo ndipo atapiga. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, lakini cheti hakimdhuru mtu.

Ukishindwa na vielelezo hivi vikiwa tayari ndani ya faili, una kitu cha kumwonyesha jaji. Ukishindwa vikiwa kwenye simu tu, una hadithi.

Pikipiki inaweza kuuzwa ukiwa unasubiri

Watu wengi hudhani wakishakata rufaa, kila kitu kinasimama. Hapana. Kama korti ilikuwa imetoa amri ya kuzuia pikipiki, shamba au friji ya duka lako isiuzwe, kesi ikitupwa amri hiyo huanguka nayo. Dalali anaweza kuendelea kesho yake.

Tena kusimamisha utekelezaji hakutakufaa sana, maana korti iliyotupa kesi haikuamuru lolote litendeke, isipokuwa kulipa gharama. Unachohitaji ni amri mpya ya kuzuia mali isiuzwe hadi rufaa isikizwe. Agizo la 42, kanuni ya 6(6), linaipa Mahakama Kuu uwezo huo, mradi rufaa yenyewe imeshawasilishwa inavyotakiwa. Kwa hivyo mpangilio ni rufaa kwanza, ombi la kuzuia papo hapo. Jaji anaweza kukutaka uweke dhamana au uendelee kulipa kiasi ambacho hakina ubishi. Ukiweza, endelea kukilipa kwa namba rasmi. Anayelipa anachokubali kuwa anadaiwa husikizwa vizuri zaidi.

Kampuni hushindwa pia

Turudi kwa wale wa nje ya korti waliosema kampuni haishindwi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi kati ya Stanbic Bank Kenya na mteja wake, kampuni ya Santowels. Mteja alilalamika kwamba benki ilimtoza riba kupita ilivyostahili. Mahakama Kuu haikukubaliana naye kuhusu sheria. Akakata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikamwona ana haki, benki ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na huko nako mteja akashinda. Mahakama ilisema kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kuongeza tozo bila idhini ya waziri, kinahusu riba pia.

Usiichukue kesi hiyo kama funguo ya kila mlango. Kifungu hicho kinahusu taasisi zilizo chini ya Sheria ya Benki, na Santowels ilikuwa biashara yenye mawakili. Lakini tazama ilishinda kwa nini: ilikuwa na hesabu, ilikuwa na hoja moja ya sheria iliyo wazi, na haikukubali uamuzi wa kwanza uwe wa mwisho.

Vivyo hivyo kuna kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika 2007. Kinasema mkopo wa benki ukishakuwa haulipiki, riba inayodaiwa kuanzia hapo isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Kama mkopo wako ni wa benki na deni limefura kuliko hapo, mwulize wakili kuhusu kifungu hicho.

Hesabu gharama, na jihadhari na "karani" wa simu

Rufaa ina gharama, na ukishindwa tena kwa kawaida utalipa za upande wa pili pia. Kama ugomvi wako ni wa shilingi 6,000 na rufaa itakula 40,000, si aibu kukaa chini na mkopeshaji mkaafikiana kwa maandishi. Kama ugomvi ni pikipiki inayolisha nyumba, hesabu ni nyingine.

Asiye na uwezo asikae nyumbani. Agizo la 44 linaruhusu mtu maskini kuomba kukata rufaa bila kulipa ada. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na shirika la Kituo cha Sheria lina ofisi Mombasa. Nenda nao wiki ya kwanza, si siku ya 29.

Na tahadhari ya mwisho. Mtu akikupigia akisema ni karani wa mahakama, faili yako imepotea na itapatikana ukituma "kitu kidogo" kwa laini yake, kata simu. Ada ya korti hulipwa kwa ankara yenye namba ya kumbukumbu, na unapata risiti. Hakuna jaji anayepokea rufaa kwa laini ya mtu. Wala usimpe yeyote namba yako ya siri, hata akijua jina lako na namba ya kesi.

Kwa hivyo wewe uliye na karatasi ya uamuzi mkononi leo, chukua kalenda. Andika tarehe ya uamuzi, andika sababu ya kutupwa, hesabu siku 30, uzungushie ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Kisha rudi kwa registri na ile barua ya kuomba nakala. Mengine yataanzia hapo.

Makala haya ni elimu ya jumla kwa wateja. Kwa kesi yako yenyewe, muone wakili au ofisi ya msaada wa kisheria.